Gari la zamani likitoa moshi wa bluu: sili za valvu, ringi, ovahoo au injini nyingine?

Mwenye Land Rover ya Series, Peugeot 404 au 504, au Volkswagen ya injini ya nyuma hapa Tanga hahitaji kuambiwa kwamba gari lake linatoa moshi. Analijua hilo, na jirani zake wanalijua. Asilolijua ni afanye nini. Akipita gereji tatu za Ngamiani anaweza kutoka na majibu matatu: wa kwanza atamwambia ni sili za valvu (vile vipira vinavyozuia oili isiteremke kwenye valvu), wa pili ringi (pete zinazoizunguka pistoni), wa tatu atamshauri ang'oe injini nzima afunge ya Kijapani. Kila jibu ni sahihi kwa gari fulani. Lakini gharama ya jibu la kwanza na ya jibu la tatu zimeachana mno, haifai uamuzi ufanywe kwa kutazama bomba la ekzosi mara moja tu gari likiwa limesimama.

Msimamo wangu ni huu. Rangi ya moshi inakuonyesha kinachoungua. Kilichoharibika utakijua kwa kuangalia moshi unatoka wakati gani. Wengi wetu tunaishia kwenye rangi, tunatoa pesa, na moshi unarudi.

Mweusi na mweupe kwanza

Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Eya klina imeziba, choki imekwama, floti ya kabureta imetoboka ikajaa petroli na kuzama, au sindano ya floti haifungi tena. Ni kazi ya kabureta, haina haja ya kufungua injini. Hata hivyo usiuache uendelee, kwa sababu petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zikasugua chuma kikavu, na baada ya muda moshi mweusi uliouvumilia unakuja kuwa wa bluu. Jambo moja la mkoa wetu: gari lililotyuniwa hapa pwani likipanda Lushoto, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400, linapata hewa nyepesi huku jeti, vile vitundu vya petroli vya kabureta, zikimwaga petroli ileile. Weusi kidogo kule juu ni kawaida, usibadilishe jeti kwa ajili ya harusi ya siku mbili. Likitoa mweusi Chumbageni, kwenye tambarare, hapo kabureta inakuita.

Mweupe una sura mbili. Ule wa asubuhi unaotoweka dakika chache baadaye ni mvuke tu. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita nzima ya maji, nayo yakikuta sailensa ya baridi, katika hewa yenye unyevu kama ya kwetu, lazima uyaone. Ule unaoendelea injini ikiwa imepata moto, huku maji ya rejeta yakipungua na mapovu yakipanda ukifungua kifuniko wakati injini bado ya baridi, ni gasketi ya hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) au ufa. Hapo hakuna cha kulinganisha: hedi inatoka.

Lakini kabla hujaing'oa, angalia servo ya breki, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu, kama gari lako linayo, na Peugeot 504 nyingi zinayo. Sili ya mastasilinda ikichoka, mafuta ya breki huvujia ndani ya servo, injini ikayavuta kupitia ule mpira wa hewa unaokwenda kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) na kuyachoma. Unapata moshi mweupe mzito unaofanana kabisa na wa gasketi. Dalili yake ni kwamba mafuta ya breki yanapungua na huoni tone chini ya gari wala ndani ya magurudumu. Gari likiwa limesimama, chomoa ule mpira. Ukiwa umelowa ndani, umepata jibu. Ziba tundu la manifoldi, washa injini hapohapo na utazame kama moshi unakoma, ila usilitoe gari barabarani katika hali hiyo, maana breki zitakuwa nzito kupita nguvu za mguu. Na ukithibitisha kuwa ni servo, acha habari ya moshi kando. Una tatizo la breki, na hilo halingoji mwisho wa mwezi.

Bluu isiyotoka kwenye injini iliyochoka

Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ila si kila oili inayoungua imepita kwenye ringi au valvu zilizokwisha. Land Rover za Series na Peugeot nyingi za miaka ile zina eya klina ya bakuli la oili. Bakuli lile lina alama. Gari linalokwenda mashambani kwenye vumbi, mtu hujaza bakuli mpaka juu akiamini oili nyingi itakamata vumbi zaidi. Matokeo yake injini inainywa ile oili kila unapokanyaga mafuta. Mwaga, safisha, jaza mpaka kwenye alama, tembea siku kadhaa kisha uangalie tena.

Tazama pia pumzi ya injini, ile kofia au bomba linalotoa hewa ya tumboni. Wavu wake ukiziba kwa utando wa oili, hewa ya ndani inakosa pa kutokea, nayo inaisukuma oili juu kupita ringi na nje kupita kila sili. Osha kwa mafuta ya taa. Halafu pima oili kwa kijiti, gari likiwa sawa, maana oili iliyozidi hupigwa na krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na kurushwa kwenye silinda kwa wingi kuliko ringi zinavyoweza kukwangua. Mambo haya matatu hayagharimu kitu, na fundi asiyeyaangalia kabla ya kukutajia bei ya ovahoo, yaani kuifungua injini nzima na kuijenga upya, hajakutendea haki.

Valvu dhidi ya ringi

Tuseme bakuli liko sawa, pumzi iko wazi, oili iko kwenye alama, na bluu bado inatoka. Sasa ndipo ulinganisho wenyewe unapoanza.

Shina la valvu hupanda na kushuka ndani ya gaidi, mrija mfupi wa chuma uliokaa kwenye hedi. Juu yake roka, ile mikono inayosukuma valvu, zinaoga oili. Gaidi likilika au sili ikikauka, oili inateremka kwenye shina. Inateremka hasa nyakati mbili. Ya kwanza ni ukizima injini ya moto ikakaa: oili iliyobaki juu ya hedi inachuruzika polepole mpaka ndani ya silinda, na ukiwasha unatoka mkupuo mmoja wa bluu, kisha bomba linakuwa safi. Ya pili ni ukiachia mafuta gari likiwa mwendoni kwenye gia: kabureta imefunga, pistoni zinaendelea kuvuta, na mvuto mkali kwenye manifoldi unainyonya oili kupitia gaidi za valvu za kuingiza hewa. Huoni kitu wakati huo. Utaona ukikanyaga tena.

Ringi zina tabia nyingine. Zikichoka, oili inabaki kwenye kuta za silinda na kuungua katika kila mzunguko, na kadiri unavyoongeza mzigo na moto ndivyo moshi unavyozidi. Hautoki kwa mkupuo ukaisha, unafuatana na wewe. Mgandamizo nao unapenya kwenda chini, kwa hiyo ukifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma utaona moshi unapiga pumzi pale, na kwenye injini iliyochoka sana kile kifuniko kinarukaruka ukikiweka bila kukifunga.

Mafundi waliozeekea magari ya mashamba ya mkonge wanalijua hili bila geji. Kijana akifika, "Shikamoo fundi, gari linanitolea moshi," mzee hajibu kuhusu rangi. "Marahaba mwanangu. Linatoa ukiwasha, au ukipanda mlima?"

Na mlima tunao. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, kama kilomita 33 za kona na mwinuko, ni mahali pazuri kuliko gereji yoyote ya kupimia ugonjwa huu. Mwenzako akufuate na gari lake, madirisha wazi. Wakati wa kupanda, kwenye gia ya pili na ya tatu, injini imelemewa: moshi ukiwafuata njia nzima, shaka kubwa ni ringi. Wakati wa kushuka acha gia ikushikie gari, mguu nje ya mafuta kwa muda mrefu, kama inavyopasa kushuka mlima ule kwa gari zito la zamani. Mkikaribia Mombo kanyaga. Wingu kubwa la bluu linalomeza gari la mwenzako na kutoweka baada ya sekunde chache ni la gaidi na sili. Aliyepanda safi akashuka na wingu hana sababu ya kununua ringi.

Usiye na safari ya Lushoto unaweza kufanya mfano wake barabara ya kwenda Muheza, pasipo na magari mengi: gia ya tatu, kilomita 60 kwa saa, achia mpaka 30 bila kugusa klachi, kisha kanyaga huku mwenzako akitazama. Si kipimo kikali kama mteremko wa Soni, ila kwa kawaida kinatosha.

Baada ya barabara, geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa mpaka chini, betri nzima, kila silinda izungushwe mara sawa. Usilinganishe namba zako na za gari la jirani: Land Rover ya lita 2.25 yenye mgandamizo wa 7:1 itasoma chini kuliko ya 8:1 na zote zikawa nzima. Linganisha silinda zako zenyewe kwa zenyewe. Tofauti ikizidi asilimia 10 mpaka 15 kati ya ya juu na ya chini, kuna jambo. Hapo mimina kijiko kikubwa cha oili ndani ya silinda iliyo dhaifu, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi. Isipopanda, mgandamizo unatokea kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, angalia gasketi iliyopasuka katikati yao. Kwenye Volkswagen kipimo hiki cha oili usikiamini, kwa kuwa silinda zimelala na oili inakaa upande mmoja tu wa pistoni.

Kuna mtego hapa ambao umewagharimu watu. Kompresheni inaweza kuwa nzuri kabisa na gari likatoa moshi chini ya mzigo. Ringi za mgandamizo ni zile za juu, wakati kazi ya kukwangua oili ni ya ringi ya chini yake, nayo ikijaa kaboni inaganda kwenye mfereji wake na haifanyi kazi. Magari yaliyokaa bandani miaka mingi yanapenda ugonjwa huu. Kabla ya kufungua injini ya gari la namna hiyo, mimina vijiko vichache vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye kila silinda, liache usiku kucha, kesho yake rudia. Kisha zungusha injini plagi zikiwa nje ili kilichobaki kiruke, la sivyo unaweza kupinda fimbo ya pistoni. Badilisha oili kabla ya kuwasha, halafu liendeshe kilomita mia kadhaa. Si kila mara ringi zinalegea, lakini dawa yenyewe ni nusu lita ya mafuta ya taa, na ovahoo haikimbii.

Plagi nazo hazidanganyi. Nyeusi kavu yenye masizi ni petroli, nyeusi iliyolowa ni oili. Zikilowa zote nne ni umri. Ikilowa moja peke yake, tafuta ringi iliyovunjika au gaidi moja lililokwisha, na usikubali kubadilishiwa kila kitu kwa sababu ya silinda moja mpaka uione kwa macho.

Oili nzito na dawa za kopo

Sasa matibabu, kuanzia la bei ndogo. Injini hizi zimezoea oili ya 20W-50, na joto la Tanga halina asubuhi ya baridi ya kuifanya iwe nzito kupita kiasi. Mtu akimiminiwa 5W-30 ya magari ya kisasa, injini ya mwaka 1970 itaivuta kama maji. Kurudi 20W-50 katika hali hiyo ni tiba kamili. Kupita hapo, yaani kuweka oili nzito zaidi au kopo la dawa ya moshi kutoka duka la spea, kunafanya oili iwe nzito ipite polepole zaidi. Kunachelewesha, hakuponyi.

Je, kuchelewesha ni vibaya? Si lazima. Watengenezaji wengi wa zamani walihesabu lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ni mpaka unaovumilika. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa hiyo ukienda, ukarudi, ukaenda tena, injini ikaomba chini ya lita moja, una nafasi ya kukusanya pesa na kutafuta spea nzuri bila haraka. Pima wiki kadhaa, andika. Ikizidi hapo, au plagi zikianza kuzimika kwa oili, amua.

Sili na gaidi, au ringi?

Kama barabara imekuonyesha valvu, na kompresheni iko sawa, kazi ya hedi inatosha na inalipa. Kwenye injini nyingi za roka za juu, sili zinaweza kubadilishwa bila kung'oa hedi: pistoni inashushwa kidogo, kamba inasokomezwa kwenye tundu la plagi, krenki inazungushwa taratibu mpaka kamba ibane valvu kutoka chini zisianguke ukitoa springi. Tuko mji wa mkonge na kamba ya mkonge iko kila duka, lakini kwa kazi hii tumia ya nailoni iliyo laini. Mkonge unaacha nyuzi ndani ya silinda.

Springi ikiwa nje, shika shina la valvu ulitikise. Likicheza pembeni, gaidi limekwisha, na sili mpya juu yake itadumu muda mfupi tu. Hapo kubali hedi itoke, gaidi mpya zipigwe, valvu zisagwe. Hedi ya chuma kama ya Land Rover ikishatoka, uliza pia habari ya viti vya valvu vilivyo vigumu. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu mwanzoni mwa 2006, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikivilinda viti laini vya valvu za kutolea moshi visiliwe. Ni kazi ya mashine ileile, siku ileile.

Ringi peke yake ndilo chaguo ninaloliogopa kuliko yote, na ndilo linalopendekezwa zaidi kwa sababu linasikika kama njia ya katikati. Ringi huzunguka ndani ya silinda. Silinda ikiwa imelika, ringi mpya ya mviringo inakaa ndani ya tundu lisilo la mviringo, na moshi unarudi baada ya miezi. Juu ya silinda iliyolika huwa kuna ukingo, pale ringi ya juu ilipokuwa ikiishia, na ringi mpya yenye kona kali inaweza kuugonga na kuvunjika. Kwa hiyo kabla ya kununua, silinda ipimwe juu na chini, kwa urefu na kwa upana. Ikilika chini ya robo ya milimita, na haina mikwaruzo, piga honi, yaani sugua kuta kwa mawe yake mpaka mistari ikatane, ondoa ukingo, weka ringi. Ikizidi hapo, ringi peke yake ni pesa iliyopotea. Fundi akikuambia "tutaona tukifungua", sawa. Akikuambia ringi kabla hajapima, muulize atapimia nini.

Land Rover na Peugeot si ugonjwa mmoja

Ushauri wa mwenye Peugeot unaweza kumpoteza mwenye Land Rover, na hapa ndipo niliona niandike kwa kirefu.

Land Rover ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286, iliyoanza mwaka 1958 na kuendelea kwenye Series IIA na III, ina bloku ya chuma na silinda zimechongwa ndani ya bloku yenyewe. Zikilika, dawa ni kuchonga upya na kuweka pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo). Maana yake bloku lazima itoke garini iende kwenye mashine, na ubora wa kazi yote unategemea mkono wa mchongaji. Bloku ikirudi, silinda zilizochongwa zipakwe oili nzito siku hiyohiyo na zifunikwe. Hewa ya bahari inaupandisha kutu uso mpya wa chuma kwa usiku mmoja, na kutu hiyo itakuwa mchanga wa kusugulia ringi zako. Kwa upande mwingine hedi ya chuma inastahimili joto, haipindi upesi, na inaweza kuondolewa na kurudishwa bila kugusa chini. Kwa Land Rover, kutengeneza hedi peke yake ni uamuzi ulio salama.

Peugeot 404 na 504 za petroli zina hedi ya aluminiamu na silinda za laina, yaani mirija inayochomolewa, zikizungukwa na maji. Hii inabadilisha hesabu yote. Silinda zikilika, unanunua seti ya laina, pistoni na ringi zilizokwisha kulingana, unachomoa za zamani na kusimamisha mpya. Hakuna mashine ya kuchonga. Gereji safi ya mtaani yenye fundi makini inaweza kufanya kazi ambayo kwa Land Rover ingesubiri bloku irudi kutoka kwa mchongaji. Ndiyo maana kwa Peugeot, kati ya ringi na ovahoo, naona ovahoo ya laina mpya inashinda kwa mbali: tofauti ya gharama ni ndogo, tofauti ya uhai ni kubwa.

Lakini Peugeot inadai heshima pale Land Rover inaposamehe. Laina zimesimama juu ya sili zake za chini, na hedi ndiyo inayozikandamiza zisitikisike. Hedi ikitoka, hakuna anayezikandamiza. Fundi akizungusha krenki bila kuzifunga kwa vibanio, pistoni zinazinyanyua laina, sili ya chini inaachia, na mtu aliyeleta gari kwa moshi wa bluu anarudi nyumbani na maji ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Hata kuing'oa hedi yenyewe, inatikiswa kwa upande kwanza ili iachane na gasketi, haivutwi juu ghafla. Kwa hiyo sili za valvu kwenye Peugeot si kazi ya kumwachia yeyote mwenye spana. Muulize fundi: ukitoa hedi, laina utazibana na nini? Akiwa hana jibu la haraka, mshukuru uondoke. Na laina mpya zikisimama, zipimwe zimechomoza kiasi gani juu ya uso wa bloku. Zote zipite uso huo kidogo na kwa usawa, la sivyo gasketi mpya haitabana.

Volkswagen nitaipitia haraka. Haina maji, kwa hiyo moshi wa gasketi ya maji hauihusu. Mkupuo wa bluu asubuhi ni desturi yake, kwani silinda zimelala na oili kidogo hupenya ringi gari likiwa limezimwa. Ukiisha mara moja, usiisumbue. Ukiendelea, silinda zake nazo zinachomolewa mojamoja pamoja na pistoni, kwa hiyo iko karibu na Peugeot kuliko Land Rover.

Injini nyingine

Injini ya dizeli ya Kijapani iliyotumika huonekana rahisi: siku chache na gari linatembea, mafuta kidogo, spea kila kona. Kwa gari la kazi, linalobeba mizigo Pangani kila siku, sina la kupinga. Hesabu tu na yasiyotajwa mwanzoni: mikono ya injini, kuunganisha na giaboksi, rejeta, ekzosi, umeme, na namba ya injini kwenye kadi ya gari, ambayo lazima ibadilishwe TRA ili isikuletee maneno siku ya kuuza. Injini yenyewe nayo ni mtumba, huijui ilikopita. Ipime kompresheni kabla haijafungwa.

Kwa gari unalolitunza kwa sababu ya lilivyo, nasema hapana. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na wa 1967 ni wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Ilishinda kwa injini yake hii ya laina, katika tope na vumbi la Afrika Mashariki. Gari la namna hiyo likitolewa moyo wake, mnunuzi anayelijua analishusha bei palepale, na wewe mwenyewe utakuwa unaendesha bodi tu. Bloku ikiwa haina ufa na krenki inachongeka, ijenge injini yake. Bloku ikiwa imepasuka, tafuta nyingine ya aina ileile kabla ya kukubali ya aina tofauti.

Ningechagua nini

Likitoa wakati wa kuwasha na baada ya kushuka mlima, kompresheni sawa: sili na gaidi, kwa Land Rover bila wasiwasi, kwa Peugeot kwa fundi wa laina tu. Likitoa wakati wa kupanda na kompresheni imeshuka: Peugeot iwekewe laina na pistoni mpya, Land Rover ipimwe silinda kabla ya mtu yeyote kutaja ringi. Likitoa nyakati zote mbili, usitengeneze hedi peke yake ukidhani umepunguza nusu ya moshi. Valvu zikiziba vizuri, mvuto wa injini unaongezeka, na zile ringi zilizochoka zitapitisha oili zaidi ya mwanzo. Ngoja pesa itimie, fanya juu na chini pamoja, na wakati unangoja tumia 20W-50 na upime kijiti kila unapojaza petroli.

Injini ikishafungwa upya, isiunguruzwe gereji nusu siku ikiwa imesimama. Ringi mpya zinakaa kwa mzigo. Itoe barabarani, nenda Muheza na kurudi kwa mwendo unaobadilika, kanyaga kiasi, achia, kanyaga tena, usiivute mpaka mwisho na usiilemee kwenye gia kubwa. Moshi kidogo wa bluu siku za mwanzo utaisha wenyewe. Tumia oili ya kawaida ya madini, imwage baada ya kilomita 800 hadi 1,000 pamoja na filta, kaza tena boliti za hedi kwa spana ya kupimia nguvu kama kitabu cha injini kinavyotaka, na urekebishe tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu; kwa Land Rover ya petroli pengo ni milimita 0.25 kwa valvu zote nane.